Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama. Ripoti imeambatanishwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa ndani yake.

Kidato cha Pili wametutoa kimasomaso kwa mradi wa kuchuja maji. Kila kundi lilipewa chupa iliyokatwa kitako, pamba, mkaa uliopondwa, mchanga na kokoto, bila maelekezo. Kundi moja lilitanguliza mchanga bila kuziba shingo ya chupa kwa pamba, mchanga ukashuka pamoja na maji. Hawakumwita mwalimu. Walimwaga vyote, wakapanga upya: pamba, mkaa, mchanga, kokoto juu. Maji yakatoka maangavu. (Tulizuia yasinywewe, chujio hilo haliui vijidudu.)

Makundi mengine yalikaa yakisubiri kuelekezwa. Hao si wazito wa akili. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg alitaja mitindo 13 ya kufikiri: yuko apendaye kubuni, yuko afuataye maelekezo kwa makini, yuko apendaye kupima na kukosoa. Mtindo ni mazoea, na mazoea hubadilika. Hali ya nyumbani ina mchango wake: mtoto ambaye kila jambo huamuliwa na wakubwa huzoea kungoja amri, awe wa tajiri au wa maskini.

Ndiyo maana tuliwatuma watoto nyumbani na hojaji ya mitindo hiyo ya kufikiri, waijaze wenyewe, na hapa ndipo mlipotuudhi. Ina maswali 65, kila moja hujibiwa kwa namba 1 hadi 7, na hakuna jibu sahihi. Nyingine zilirudi zikiwa na mwandiko wa mzazi. Nyingine zina 7 kuanzia juu hadi chini, kana kwamba ni mtihani wa kufaulu. Sehemu ya elimu na kazi ya mzazi imeachwa wazi au imepambwa. Aliyekomea darasa la saba aandike darasa la saba. Hatugawi madarasa kwa mishahara. Jibu la uongo linatufanya tumpe mtoto msaada asiouhitaji na kumnyima anaouhitaji. Na yule mzazi aliyekuja ofisini kudai mwanawe asichanganywe na "watoto wa vibarua", jibu ni lilelile: makundi yatabaki yalivyo.

Hojaji zitajazwa upya darasani, siku ya kwanza.

Likizo hii mwacheni mtoto apange mwenyewe ratiba yake ya kusoma. Ikivurugika, muulizeni imekwama wapi kabla ya kumpangia nyingine.

Wenye madeni ya ada, ofisi ya mhasibu iko wazi. Msingoje watoto warudishwe getini.

Mkuu wa Shule