Kwa mwanangu, kuhusu swali ulilouliza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako naye ameusoma. Umeuliza: kama imani imekutoka, je, wokovu bado unao? Nitakujibu bila kuzunguka, maana nikizunguka utajua tu.

Shangazi yako anasema hukuwahi kuokoka. Ameshikilia 1 Yohana 2:19, kwamba waliotoka kwetu hawakuwa wa kwetu. Mimi hapo simfuati. Ni mimi niliyekusikiliza jikoni ukikariri Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, kabla ya kipaimara, ukinibishia kila kifungu mpaka ugali unapoa. Asiyeamini hajisumbui hivyo. Jirani yetu Mbaptisti naye anasema aliyeokoka ameokoka, ni kondoo wa Yesu na hakuna wa kumpokonya mkononi mwake, Yohana 10:28. Ni kweli imeandikwa. Lakini aya inamzuia mwizi. Haisemi kondoo amefungwa kamba.

Sisi Walutheri tulishalitolea kauli tangu 1530. Ungamo la Augsburg, hati ya imani yetu, kifungu cha 12, linawakataa wanaosema mtu akishahesabiwa haki mbele za Mungu hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu. Papo hapo linawakataa Wanovatiani, waliowanyima ondoleo la dhambi watu walioanguka baada ya ubatizo hata walipotubu. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kuanguka kupo, wala sitakudanganya kwamba si kitu. Kufungiwa nje hakupo.

Hao Wanovatiani wana kisa chao. Mwaka 250 Kaizari Decius wa Roma aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu na wapewe cheti. Baadhi ya vyeti hivyo vimefukuliwa Misri. Mwombaji anaandika kwamba ametoa dhabihu, amemimina kinywaji, ameonja nyama, na maofisa wanathibitisha kwamba wamemwona. Wakristo wengi walikubali. Wengine walihonga wapate cheti bila kugusa nyama (sisi na vyeti, tumetoka navyo mbali). Mateso yalipopoa wakarudi wakibisha hodi. Novatiani kule Roma akasema hapana. Askofu Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake, katika mkutano wa 251, wakasema waingie, ila kwa toba, kila mmoja kwa uzito wa alilofanya. Kanisa likamfuata Sipriani.

Najua utaniletea Waebrania 6, kwamba walioonja kipawa cha mbinguni kisha wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya. Nilete na mimi la Luther: katika dibaji yake ya 1522 kwa waraka huo aliiita sura hiyo fundo gumu, na hakujifanya amelifungua. Mimi ni mzee wa kanisa tu, silifungui leo.

Ila kumbuka ulichokariri katika Katekisimo, maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani: kwamba kwa akili na nguvu zangu mwenyewe siwezi kumwamini Yesu Kristo, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyeniita kwa Injili. Ndiyo sababu sikuambii ujilazimishe kuamini ifikapo Krismasi. Haiwezekani, na ungekuwa unaniigizia mimi. Ibada ukitaka tutakwenda wote. Usipotaka, utabaki na bibi yako, naye pia haendi, magoti yanamsumbua.

Shangazi nimeshamwambia aache kukutumia aya usiku. Mama yako anataka kujua kama bado unaombea chakula kabla ya kula. Nimemwambia akuulize mwenyewe, kwa hiyo jiandae, atakupigia Jumapili.

Baba yako