Ripoti ya mwenyekiti: mwaka wetu wa Wayahudi na Uasin Gishu

Wanachama, wazee na vijana, habari zenu. Ripoti nimeiandika kwa simu, makosa mtanisamehe. Kamati ilikutana kama kawaida, michango ya wengine (mnajijua) bado haijafika, hayo mweka hazina atawaambia.

Mimi nataka kukaa kwa ile mada tuliyochagua Januari, maana wengi mlininunia, eti Wayahudi na Eldoret wapi na wapi. Sasa mmeona. Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipita huku na reli mwisho wa 1902, mwaka uliofuata akamwambia Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe), kuna ardhi Afrika Mashariki, Wayahudi wapewe. Na haikua mchezo, Aprili hiyo ya 1903 Wayahudi walikua wameuawa Kishinev, mji wa himaya ya Urusi, watu wanatafuta pa kukimbilia. Mpaka leo unaitwa mpango wa Uganda lakini nyanda zenyewe ni hapa hapa kwetu Uasin Gishu, ni vile tulikua tumekatwa kutoka Uganda 1902 na jina likang'ang'ania. Huko Basel, Uswisi, kongamano la Wazayuni likapiga kura, 295 kwa 178, kwamba watu watumwe waje waangalie, na wajumbe wa Urusi, wale wenye shida kabisa, ndio wakatoka nje wengine wakilia, hawataki kusikia nchi ingine isipokua ile ya mababu.

Wakaja watatu mapema 1905, Gibbons, Kaiser na Wilbusch. Huyo Wilbusch alirudi akasema huku hakuna cha kufanya. Mzee wetu mmoja mwenye shamba la mahindi aliposikia hivyo alicheka mpaka tukamletea maji. Walowezi wazungu, wakina Delamere, walipinga wakitaka wabaki na ardhi wao, lakini Wamaasai ambao jina la Uasin Gishu ni lao na Wanandi waliokua wanachunga hapa, nani aliwauliza? Kongamano likakataa mpango katikati ya 1905, na tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, akampiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyekuja kwa mazungumzo. Halafu huyo huyo Meinertzhagen baadaye akawa mtetezi mkubwa wa Wazayuni! Hapo ndio mjadala uliwaka, tulitoka saa nne usiku na watu wawili hawasalimiani (wameshapatana).

Safari ya Nairobi kosa lilikua langu, niliiweka Jumamosi, katibu akanishtua siku tatu kabla, mwenyekiti hiyo si Sabato yao, unaenda kupiga picha sinagogi? Tukasogeza. Tuliona ile sinagogi ya 1955 iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, tukapita Norfolk, hoteli aliyonunua Abraham Block 1927, kijana wa Lithuania aliyefika Kenya 1903 akitokea Afrika Kusini. Kwa hivyo nchi ya Wayahudi haikuja lakini Wayahudi wenyewe walikuja, wachache, wakakaa.

Mwaka ujao kamati inapendekeza Gilgil, ambako Waingereza walifunga wafuasi wa Irgun na Lehi (makundi ya Wayahudi yaliyopigana na Waingereza huko Palestina) 1947 mpaka 1948, na Meridor, mmoja wao wa Irgun, akatoroka. Nauli itumwe kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi, sio asubuhi ya safari kama kawaida yenu. Hiyo naona tunaweza kwenda hata Jumamosi.