Barua kwa mwanangu aliyepewa watu wa kuongoza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Umepewa usimamizi wa zamu, watu wanane wako chini yako, wawili kati yao wamekuzidi umri na uzoefu, na sasa usiku hulali ukijiuliza kama waliokuchagua wamekosea. Mwishoni umeniuliza ufanye nini ili ujiamini kabla hujaanza. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukupigia simu, maana jibu lenyewe ni refu kidogo na nataka uwe nalo mkononi.

Kabla hujaanza, hutajiamini, na usikae kusubiri siku utakayojiamini. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 mambo manne yanayomfanya mtu aamini kwamba jambo fulani analiweza: kulifanya mwenyewe akafanikiwa, kumwona mwenzake akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyoutafsiri mwili wake moyo unapomwenda mbio. Lenye nguvu kuliko yote ni lile la kwanza. Mimi mama yako nitakutia moyo mpaka sauti inikauke, lakini maneno yangu hayawezi kushika nafasi ya kazi uliyoimaliza kwa mikono yako.

Basi anza na kazi. Siku ya kwanza usitoe hotuba. Waendee wale wawili waliokuzidi, mmoja mmoja, kabla hujaitisha kikao chochote. Heshima ya umri haiondolewi na cheo, nawe unalijua hilo. Muulize kila mmoja: ni kitu gani hapa watu wamekilalamikia siku nyingi na hakuna aliyekishughulikia? Andika jibu lake mbele yake. Halafu katika yote utakayoyasikia, chagua kimoja kidogo kilicho ndani ya uwezo wako. Pengine ratiba ya zamu hubandikwa usiku wa kuamkia zamu yenyewe, watu wakashindwa kupanga mambo yao. Pengine ufunguo wa stoo unakaa na mtu mmoja ambaye hapatikani. Kimalize ndani ya wiki, kisha rudi kwa aliyekuambia umpe taarifa kwamba kimekwisha. Huko kurudi ndiko wasimamizi wengi wanakokusahau. Ahadi ni deni, na walio chini yako wanahesabu madeni yako hata kama hawakudai.

Nunua daftari, ulichore safu tatu: nani, nini, lini. Kila kikao kikimalizika, soma kwa sauti yaliyoandikwa humo, na jina lako liwemo pia. Kikao kinachofuata anzeni na daftari hilo kabla ya jambo jipya lolote. Ukifanya hivyo bila kuruka, watu wataacha kusema "sikujua", na wewe utakuwa na ushahidi wa maandishi wa mambo uliyoyaweza. Usiku ule wa mashaka, lifungue ulisome.

Itafika siku mtu atakujibu vibaya mbele ya wenzake. Usishindane naye hapo. Mwambie, "Nimekusikia, tutazungumza baada ya zamu," na baada ya zamu mtafute kweli, mkae wawili, umsikilize kwanza. Kosa la mtu liseme faraghani, jema lake lisifu mbele ya wote. Nimesimamia watu miaka mingi, na katika yote niliyofundishwa kuhusu uongozi, hilo ndilo ningebaki nalo kama ningeambiwa nichague moja.

Sasa mwili wako. Umeniambia mazoezi umeyaacha kwa sababu ya kazi, na hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea haraka, siku tano. Sisemi haya kwa ajili ya umbo. Mazoezi yanakuonyesha kwa macho yako kwamba jambo lililokushinda mwezi uliopita leo unaliweza. Chukua pushapu. Anzia ukutani: mikono upana wa mabega, mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kichwani, shuka taratibu, panda taratibu. Ukifikisha kumi na tano bila kiuno kulegea, hamia kwenye ukingo wa meza nzito, kisha benchi lisiloyumba, mwisho sakafuni. Usiruke hatua kwa kuwa jirani yako ameshafika sakafuni.

Kuna faida nyingine inayonigusa zaidi. Anayepanda ngazi mbio kila wiki ameuzoea moyo unaodunda na pumzi inayokatika. Moyo huohuo ukidunda kabla ya kikao, hatashtuka akadhani ni dalili ya kushindwa. Pumua polepole, kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta, kisha anza kusema. Na ulale saa saba au zaidi. Maamuzi ya mtu asiyelala huwa ya hasira.

Kuhusu kujuana na watu, najua hupendi hata neno koneksheni, kwa kuwa umeona linavyotumika kuwapita wenye haki. Kufahamiana ninakokusema mimi hakumnyang'anyi mtu nafasi yake. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973, huko Marekani, kwamba wengi wa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, mtu huyo walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu au kwa nadra. Sababu inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, habari mpya iko kwa anayeishi kati ya watu wengine. Kwa hiyo usiwapoteze uliosoma nao na uliofanya nao kazi zamani. Mwandikie mmoja, umuulize jambo dogo analolijua, na ushauri wake ukikufaa mrudie umwambie ulivyokusaidia. Ukijua wawili wanaoweza kufaana, wakutanishe hata kama wewe hupati kitu.

Zaidi ya yote tafuta, katika idara nyingine, msimamizi aliyeanza kama wewe: kijana, amepewa wakubwa zake. Muombe akuruhusu ukae pembeni umwangalie akiendesha kikao kimoja. Angalia anavyonyamaza, anavyompa nafasi asiyesema, anavyofunga mjadala uliorefuka. Utajifunza mengi, na pia utaona kwamba ni mtu wa kawaida kama wewe.

Baba yako anakusalimu, ameshauliza mara mbili kama umekwisha zungumza na wale wawili. Wiki ya kwanza ikiisha niandikie ulichagua tatizo gani, na ulipomrudia aliyekuambia, alikujibu nini.

Mama yako