Baba, huku nako mlima ndio unaogawa mvua

Fairbanks, Alaska
21 Septemba

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima, masomo yanaendelea, na naomba Mungu nanyi hapo Usangi muwe wazima. Baba, simu ilikatika ukiwa unaniuliza kama huku kuna milima au ni barafu tupu. Nimeona nikujibu kwa barua.

Milima ipo, tena mingi. Jimbo hili lina kilomita za mraba milioni 1.7. Chukua Tanzania yote, ongeza Kenya yote, na bado hujalijaza. Watu waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa kama 733,000 tu. Sisi wa Fairbanks tuko katikati ya safu mbili: kusini safu ya Alaska, iliyojikunja kama upinde, na kaskazini safu ya Brooks, iliyolala mashariki hadi magharibi kwa kilomita elfu moja hivi.

Kukikucha bila mawingu, nikisimama kwenye kilima cha chuo naiona Denali, ingawa iko mbali kupita kilomita 200. Ina mita 6,190, imeipita Kibo kwa mita 295. Denali ni jina la wenyeji, Wakoyukon, na maana yake ni ule mrefu. Serikali iliuita McKinley mwaka 1917, ikarudisha Denali mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaandika tena McKinley. Mimi nasema Denali. Kilele chetu nacho kilibebeshwa jina la mfalme wa Ujerumani kabla hatujakiita Uhuru, kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Unakumbuka uliponipandisha Kindoroko nikiwa darasa la nne? Ulinionyesha mteremko unaokabili bahari, msitu na ukungu, kisha ukanionyesha Mwanga kule chini, vumbi na miiba. Ukasema mlima unalikamua wingu, walio nyuma yake wanabaki na upepo. Baba, huku ni vilevile. Mawingu ya Pasifiki yanagonga kwanza milima ya Chugach pwani, na mji wa Whittier ulio chini yake hupata mvua na theluji ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Yanayoponyoka hapo yanakutana na safu ya Alaska. Sisi tulio nyuma tunaambulia milimita 300 hivi. Hata tambarare ya Mwanga inatushinda.

Sasa nikajiuliza, kama mvua ni haba hivyo, mbona kila mahali ni madimbwi na matope? Julai tulitumwa kuchimba shimo msituni. Jua kali, mbu wametuzingira, jasho linatutoka. Tulipofika kama nusu mita sururu ikalia kana kwamba imegonga mwamba. Nikapiga magoti, nikapapasa. Ulikuwa udongo mweusi ulioganda, na ndani yake vipande vya barafu vinametameta. Kidole kikafa ganzi. Ardhi hiyo haiyeyuki kiangazi wala masika, hivyo maji machache yanayodondoka hayana pa kuzama. Ikitokea ikapashwa joto hadi ikayeyuka, nyumba zinainama na miti inalalia upande mmoja. Ndiyo maana bomba kubwa la mafuta, lililoanza kazi mwaka 1977, sehemu kubwa limenyanyuliwa juu ya nguzo, lisije likaipasha ardhi joto.

Agosti tulikwenda hadi Atigun, mita 1,444, barabara inapokatiza safu ya Brooks. Kabla ya kufika juu, misonobari ilianza kufupika, ikawa kimo cha mtoto, kisha ikaisha kabisa. Tulisimama pale juu. Maji ya upande wa kusini yanashuka hadi mto Yukon na kuishia bahari ya Bering. Ya kaskazini yanakwenda bahari ya Aktiki. Mbele yetu hapakuwa na mti hata mmoja, ni nyasi fupi na upepo. Nilikukumbuka sana, Baba. Ungekaa pale kutwa nzima.

Mama, sweta uliyonifumia nimeanza kuivaa wiki hii; majani yameshapukutika. Na ndiva ya juu ya shule, lile bwawa la kumwagilia, walishaizibua? Vuli ikianza, Baba, niandikie mvua imeingilia upande gani wa mlima.

Mwanenu awapendaye.