Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kati ya Lango la Gereza na Mshahara wa Kwanza

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama, kila mwisho wa mwaka, kazi iliyofanyika na mambo yanayosubiri uamuzi wa mkutano mkuu. Habari za fedha nimemwachia mhazini, ambaye taarifa yake mmekwisha kuipata mikononi. Chaguzi za matawi zilikwenda salama. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa jambo moja lililoishughulisha kamati tendaji kuliko mengine yote, nalo ni hili: kwa nini baadhi ya watu tuliowapatia kazi baada ya kutoka gerezani waliziacha kazi hizo, au waliachishwa, kabla hata hawajapokea mshahara wa kwanza.

Chama hiki kiliundwa na wenye karakana, wenye vinu na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa imani kwamba kikwazo kikuu cha mtu aliyemaliza kifungo ni kukataliwa na mwajiri. Kukataliwa kupo, na hakuna asiyekujua. Lakini leo tunao wanachama Ndeeba, Katwe na Kisenyi, mitaa ya Kampala, na mjini Jinja, ambao wako tayari kuajiri, na bado nafasi walizozitoa mwaka 2025 zilikuwa nyingi kuliko watu waliodumu ndani yake. Kamati iliwaita waajiri na waajiriwa wenyewe, ikawasikiliza kila upande peke yake, na kilichotokea ni kwamba ugomvi wa kazini ulitajwa mara chache sana. Waliyoyataja wengi ni nauli, chumba cha kulala, kitambulisho na simu.

Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya 70,000 mahali palipoidhinishwa kwa takriban 20,000, na karibu nusu yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Makundi haya mawili hutoka kwa namna tofauti. Aliyehukumiwa huwa na tarehe anayoijua, kwa kuwa Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 humwezesha kupata punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, na ofisa ustawi wa gereza anaweza kuanza kumwandaa mapema, kumtafuta ndugu yake kwa simu na kutuandikia sisi. Mahabusu hana tarehe. Anaweza kupelekwa mahakamani asubuhi, kesi ikafutwa kwa kukosa mashahidi, na jioni akawa barabarani na shati lile lile alilokamatwa nalo. Ibara ya 28 ya Katiba inamhesabu kuwa hana hatia, lakini mtaani anaitwa mfungwa kama wengine, na mafunzo ya ufundi waliyoyapata wengine hakuyapata. Naomba wanachama walielewe hili wanaposoma fomu zetu: mtu aliyekaa rimandi na kuachiliwa bila kuhukumiwa hana rekodi ya jinai, na si haki kumwandika kwenye safu ya wenye rekodi.

Upande wa ujuzi, sina malalamiko makubwa. Karakana za gereza la Luzira zinatoa maseremala na mafundi cherehani ambao mwanachama yeyote wa Ndeeba angependa kuwa nao, baadhi yao wakiwa na vyeti vya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, na wapo waliofanya mitihani ya taifa humo humo ndani. Tatizo ni kwamba ujuzi huu hutoka bila karatasi nyingine ambazo maisha ya sasa huko nje yanazidai.

Chukueni mfano wa mtu aliyefungwa kabla ya mwaka 2009. Watu hawa si wachache kama tunavyodhani, kwa sababu mwaka huo huo, tarehe 21 Januari, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilitoa uamuzi katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ikaondoa ulazima wa hukumu ya kifo, na baadhi ya waliokuwa wakisubiri kitanzi wakarudishwa Mahakama Kuu kupangiwa adhabu upya. Bi Kigula mwenyewe, aliyesomea sheria akiwa gerezani, alitoka Januari 2016. Wengine wameendelea kutoka baada yake, mmoja mmoja, bila kuandikwa magazetini. Mtu huyo aliingia ndani kabla huduma ya pesa kwa simu haijaanza nchini. Usajili mkubwa wa vitambulisho vya taifa ulianza 2014, akiwa ndani. Anapotoka, mwajiri anamwambia mshahara utatumwa kwenye simu. Laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho. Na ofisi inayotoa kitambulisho inataka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa mahali anapokaa. Mwenyekiti wa LC1, kwa haki kabisa, humwandikia mtu anayemjua. Atamjuaje huyu, aliyeondoka kijijini kabla yeye hajashika wadhifa? Hata waliokuwa na vitambulisho vya awali hawakupona, kwa kuwa muda wa miaka 10 wa kadi zile ulikuwa unafikia kikomo, na zoezi la kuvihuisha lililofunguliwa Mei 2025 lilikuwa na foleni ambazo mtu aliyeanza kazi juzi hawezi kuzisimamia bila kuomba ruhusa ya siku nzima.

Matokeo yake tuliyaona Kisenyi. Kijana mmoja aliyewekwa kwenye kinu cha mahindi alifanya kazi vizuri mwezi mzima, akabeba magunia, akajifunza mashine, na kwa kuwa hakuwa na laini yake, mshahara ulipitia simu ya shemeji yake. Shemeji alikata deni la chakula, akakata deni la godoro, na kilichomfikia kijana hakikutosha nauli ya juma lililofuata. Mwajiri aliona mtu ameacha kazi bila taarifa na akatuandikia barua ya hasira. Alipoelezwa, alimrudisha kazini na sasa humlipa taslimu kwa sahihi, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama sisi tungalimwomba.

Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa mwaka 2015, zinaeleza wazi kwamba anayetoka gerezani apewe hati na vitambulisho anavyovihitaji, awe na mahali pa kukaa na mavazi yanayofaa, na kwamba sehemu ya ujira wa kazi aliyoifanya ndani iwekwe akiba apewe siku ya kutoka. Kwa hali ya magereza yaliyojaa kupita kiasi namna hii, sitarajii kwamba kila gereza litayatimiza hayo kesho. Ndiyo maana kamati inapendekeza kwamba chama kiyabebe yale kinayoweza kuyabeba, kuanzia na barua. Mwanachama mmoja mmoja, akiwa mdhamini anayejulikana mtaani kwake, aende na mtu wake kwa mwenyekiti wa LC1 wa mahali atakapokaa, siku za mwanzo kabisa, badala ya kumwachia aende peke yake akiulizwa maswali mbele ya watu.

Kuna mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye fomu yoyote. Mwanachama wetu wa Ndeeba alitueleza kuhusu seremala, mtu mzima mwenye nywele za mvi, ambaye kila alipoitwa na msimamizi alikuwa akija mbio, anachuchumaa, mikono juu ya magoti, na kuitikia "Afande". Vijana wa karakana walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mwenye karakana aliwakataza, kisha akaanza yeye mwenyewe kumfuata seremala kwenye meza yake ya kazi na kuzungumza naye wakiwa wamesimama wote wawili, randa ikiwa mkononi mwa fundi, badala ya kumwita. Hakumhubiria. Ilichukua muda, lakini mzee yule sasa husimama, na hubishana kuhusu ubora wa mbao anazoletewa, tena kwa sauti.

Nije kwenye suala lililotugawa. Mmoja wa tuliowapeleka Katwe aliondoka na mashine ya kutobolea chuma ya mwajiri wake, na hajaonekana tena. Mwajiri amelipwa sehemu ya hasara kutoka kwenye mfuko wa dharura, kama kanuni zinavyosema. Baada ya hapo lililetwa pendekezo kwamba chama kisimpokee tena mtu yeyote aliyehukumiwa kwa wizi. (Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko mkutano mkuu wa mwaka jana, na chai iliisha mapema.) Msimamo wangu, ambao si siri, ni kwamba pendekezo hilo likataliwe. Huduma ya Magereza imekuwa ikitaja kiwango cha wanaorudi gerezani cha takriban asilimia 15, maana yake walio wengi hawarudi. Na mwizi wa kuku aliyefungwa akiwa kijana hafanani na karani aliyekula fedha za ushirika kwa miaka. Swali linalofaa ni kazi gani anapewa nani. Aliyeghushi hundi asipewe kitabu cha risiti mwanzoni, lakini anaweza kuendesha msumeno. Aliyemdhuru mtoto hatutampeleka kwa mwanachama anayehudumia shule wala kwenye nyumba yenye watoto, na hapo hakuna mjadala.

Jambo linalohusiana na hilo ni cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, ambacho baadhi yetu tumeanza kukidai hata kwa mpakiaji wa saruji. Uganda haina sheria kama ile ya Uingereza ya mwaka 1974, ambayo huiacha hukumu ya zamani ihesabiwe kuwa imekwisha baada ya muda fulani, na Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inapoorodhesha misingi ya ubaguzi unaokatazwa haikuitaja rekodi ya jinai. Hivyo mwajiri ameachiwa uhuru mkubwa mno. Lakini tazameni Ibara ya 80 ya Katiba: mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kukosa uaminifu huzuiliwa kugombea ubunge kwa miaka 7 kabla ya uchaguzi, na baada ya hapo anaruhusiwa kuomba kura. Sielewi kwa mantiki gani mtu huyo huyo aruhusiwe kutunga sheria za nchi na azuiliwe kupakia matofali. Kamati inapendekeza kwamba wanachama wakubaliane kwa hiari kutouliza hukumu iliyopita miaka 7, isipokuwa kwa kazi nilizozitaja, na kwamba katika hukumu za karibuni habari ijulikane kwa mwajiri na msimamizi mmoja tu, si kwa karakana nzima.

Mwisho, mfuko wa mwezi wa kwanza. Pendekezo ni kila mwanachama aongeze kidogo kwenye ada yake ili mtu mpya apate nauli, chakula cha mchana na kodi ya chumba hadi siku ya mshahara. Wapo wanaotaka uwe mkopo unaokatwa kazini, kwa hofu kwamba tutawazoesha watu kupewa. Mimi napinga kukata, kwa sababu tutakuwa tumefanya kile kile alichokifanya shemeji wa Kisenyi. Ajenda namba 5 itahusu mfuko huo, na ajenda namba 6 itahusu muda wa miaka 7. Zote mbili zitapigiwa kura ya siri.

Wanachama wenye nafasi za kazi kuanzia Januari wamwone katibu kabla ya kikao kufungwa, waandike aina ya kazi, kiasi cha mshahara, siku ya kulipa, na iwapo watalipa taslimu.