Rangi ya maji inawasha watu, mafundi na wateja wetu wa Moshi someni hapa

Mafundi wengi wanaokuja kuchukua mzigo dukani kwetu ukiwaangalia mikono unaumia, ngozi imepasuka katikati ya vidole, vipele vya majimaji, mwingine kope zimevimba, ukimuuliza anasema fangasi au thina (ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta) ya kazi ya juzi. Thina inakausha ngozi kweli, lakini huyo huyo unakuta mwezi mzima anapiga rangi ya maji tu.

Rangi ya maji haina harufu kali ndo maana hamna anayeiogopa, watu wanakoroga kwa mkono kabisa. Ila kitu chenye maji kikikaa kwenye ndoo kinaota bakteria na ukungu, kwa hiyo kiwandani wanaweka dawa ya kuzuia isioze, nyingi ni za kundi la isothiazolinoni, kwenye lebo utaona MIT, CMIT au BIT. Kiasi ni kidogo sana lakini ngozi inayoguswa nayo kila siku inaweza kuikataa, na ikishaikataa ndo basi tena, hata miaka ikipita ukirudi kuigusa unawashwa.

Kinachowachanganya watu ni muda. Aleji hii haitokei hapo hapo, mara nyingi inachukua siku moja mpaka tatu, umepiga rangi Jumatatu unavimba Jumatano ushahamia saiti nyingine, lawama zote zinaenda kwa saruji ya huko (na saruji nayo ina kromiamu inayosumbua ngozi, kwa hiyo unaelewa kwa nini watu wanapotea). Halafu dawa hizo hizo ziko kwenye shampuu na sabuni za maji za vyombo, unaweza ukapumzika kazi wiki nzima na bado unajikuna. Ulaya MIT ilikatazwa kwenye losheni na mafuta ya kupaka yasiyooshwa tangu 2017, sababu ni aleji hizi hizi.

Kaka zangu mafundi, acheni kunawia petroli na thina, mnaiondoa ngozi mafuta yake halafu rangi inapenya vizuri zaidi. Vaeni glavu za naitrili, na rangi ikiingia ndani vua hapo hapo, maana kwenye lile jasho inakaa inaila ngozi. Na hizi tyubu za dawa ya kupaka za kununua kiholela zinatuliza wiki moja tu huku zingine zinafanya ngozi iwe nyembamba. Hospitali ya KCMC ipo hapa hapa Moshi, ina kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, nendeni mkaulizie kipimo cha aleji cha kubandikwa mgongoni, kinabanduliwa baada ya siku 2 na kusomwa tena siku chache mbele.

Wateja wenye nyumba, na nyie pia inawahusu. Ukuta uliopakwa rangi mpya unatoa hizo dawa hewani kwa siku kadhaa, hata wiki, mwenye aleji anavimba uso bila kugusa kitu. Juni na Julai baridi ikiingia watu wanafunga madirisha, tafadhali fungueni, na anayejijua ana aleji hii alale chumba kingine kwanza. Chokaa ni njia nyingine, ni kali kiasi kwamba bakteria hawaoti humo, haihitaji dawa hizo, ila ikiwa mbichi inaunguza macho na ngozi kwa hiyo fundi avae miwani na glavu.

Ukija dukani tuambie mapema kama nyumbani kuna mwenye aleji, tutaisoma lebo pamoja kabla hujalipa, maana ndoo ikishachanganywa kala hatuwezi kuirudisha.