Barua ya wazi kwa vijana wanaochapisha vifaa tiba kwa printa ya 3D

Wanangu,

Lile banzi la mkono mliloniletea nimelikagua siku mbili. Umbo lake zuri, jepesi, linapitisha hewa. Enzi zetu tungelikata kwa msumeno na bado lingemchoma mtu kwapani mwa kidole gumba. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile karatasi mliyoambatisha: kifaa ni salama kwa sababu rezini yake, ile plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, ina cheti cha usalama.

Cheti hicho kinasimama juu ya rezini iliyochapishwa, ikaoshwa na kukaushwa kwa mwanga kama mtengenezaji alivyoelekeza. Je, ndivyo mlivyofanya nyinyi? Nauliza kwa sababu sisi hatukufanya hivyo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tulimfunga bibi mmoja banzi la aina hiyo. Siku ya nne akarudi. Nilipomfungua, malengelenge yalikuwa yamefuata kila utepe wa banzi, na palipokuwa na tundu ngozi ilikuwa safi kabisa. Mtu angeweza kulichora banzi lile kwa kuangalia mkono tu. Bibi akaniambia, "Nilidhani ndiyo dawa inavuta, mwanangu." Tukailaumu rezini. Kumbe spiriti yetu ya kuoshea ilikuwa ya wiki nzima, imekuwa nzito kama maji ya wali, kwa hiyo kila kifaa kilitoka na utando wa rezini mbichi.

Ndiyo maana ISO 10993, kiwango cha kimataifa cha kupima kama kifaa tiba kinadhuru mwili, kinataka kipimwe kifaa kilichokamilika, kama kitakavyomfikia mgonjwa: rangi ileile, uoshaji uleule, na kama kinatakaswa kuua vijidudu, basi baada ya kutakaswa. Kipimo cha kwanza si cha kutisha. Kifaa kinalowekwa kwenye majimaji ya kukuzia seli, kwa kawaida nyuzi 37 kwa saa 24, kisha majimaji hayo hupewa seli za panya ziitwazo L929. Zikibaki hai chini ya asilimia 70 ya zile ambazo hazikuguswa, mna kazi ya kufanya. Kwa kifaa cha ngozi hufuata vipimo vya mwasho na mzio. Huko kifaa hulowekwa kwenye maji ya chumvi na pia kwenye mafuta, hata ya ufuta yanakubalika, maana zipo kemikali ambazo maji hayazitoi na mafuta yanazitoa. Ngozi ina jasho na ina mafuta.

Na msiniambie banzi huvaliwa usiku tu. Muda wa kifaa kugusa ngozi huhesabiwa wote, na kila usiku hujumlishwa.

Mkishapima, msibadilishe kitu kimyakimya. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa na vibali vya matiti ya bandia, lakini ndani ikajaza silikoni ya viwandani. Yakaondolewa sokoni 2010, na 2013 mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Ule ulikuwa ulaghai, nanyi si walaghai, nawajua. Ila ngozi ya mgonjwa haijui nia ya fundi. Rangi mpya ya bei nafuu kutoka duka jingine inatosha kufanya kipimo chenu kiwe cha kifaa kingine.

Nimewarudishia banzi lenu. Kabla ya lolote, pitisheni kidole upande wa ndani, pale kona ya gumba. Bado pananata.

Babu yenu